Lehemu ya baba isimnyime mtoto mafuta

Baba anapimwa afya, anarudi na karatasi: lehemu, yaani kolestro, iko juu kwenye damu. Kuanzia jioni hiyo nyumba inabadilika. Chupa ya mafuta inafichwa, nazi hazikunwi tena, kiini cha yai kinatupwa, maziwa yanaenguliwa malai kabla ya kunywewa. Kwa baba, mengi ya hayo yana maana. Lakini jikoni humo humo kuna kisufuria cha uji wa mtoto wa miezi minane, nao umepakwa sheria ile ile. Hapo ndipo tunapokosea, na kosa hili halionekani haraka. Linaonekana baada ya miezi miwili mitatu, mstari wa kadi ya kliniki unapolala.

Tuanzie kwenye chakula ambacho hakuna anayekitilia shaka. Mililita 100 za maziwa ya mama zina gramu 3.5 hadi 4.5 za mafuta, na miligramu 10 hadi 20 za lehemu. Karibu nusu ya nguvu yote anayopata mtoto anayenyonya inatoka kwenye mafuta. Mtoto wa kilo 6 anayenyonya mililita 750 kwa siku anakula gramu 30 hivi za mafuta, sawa na gramu 5 kwa kila kilo ya mwili wake. Baba wa kilo 70 angetaka kula kwa kiwango hicho angehitaji gramu 350, zaidi ya theluthi ya lita ya mafuta ya kupikia kila siku. Kwa lehemu, angehitaji viini vitano hadi tisa vya mayai. Tofauti ni kwamba mwili wa baba umekwisha kujengwa, na wa mtoto ndio kwanza unajengwa.

Maziwa ya kopo hutengenezwa kwa mafuta ya mimea na huwa na lehemu kidogo sana. Ndiyo maana watoto wanaonyonya, wakipimwa damu, huonekana na lehemu ya juu kuliko wenzao wa maziwa ya kopo. Mtu akiona majibu hayo bila kujua, anaweza kushtuka bure. Tafiti zilizowafuatilia watu hadi utu uzima zinaonyesha kinyume cha hofu hiyo: walionyonya utotoni huwa na lehemu iliyo chini kidogo. Nasisitiza kidogo, maana tofauti ni ndogo, lakini haiendi upande ambao wazazi wanauogopa.

Mafuta ya maziwa ya mama hayatoki sawasawa. Ya mwanzo wa kunyonya ni mepesi, na kadiri titi linavyopungua ndivyo mafuta yanavyoongezeka. Mama anayemhamisha mtoto kila baada ya dakika tano ili matiti yote mawili "yapate zamu" anaweza kumshibisha maji na sukari ya maziwa huku mafuta yakibaki ndani. Mwache amalize titi moja aliachie mwenyewe, kisha mpe la pili akitaka. Kwa mama anayekamua na kuacha maziwa nyumbani, kuna jambo la kumwelekeza dada anayelea. Maziwa yakikaa, mafuta hupanda juu na kufanya tabaka la rangi ya krimu linaloshika kwenye ukuta wa kikombe. Ukimimina tu, sehemu ya chakula bora inabaki kwenye chombo na kwenda na maji ya kuoshea. Kizungushe chombo taratibu ndani ya maji ya uvuguvugu mpaka tabaka lirudi kwenye maziwa. Usiyachemshe: maziwa ya mama yana kimeng'enya chake cha kusaga mafuta, ambacho kongosho changa la mtoto bado halikitoi cha kutosha, na moto unakiua.

Mafuta haya yote yanakwenda wapi? Sehemu kubwa ni nguvu tupu. Gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, ya wanga au protini ina 4, na mtoto anatakiwa kuongeza uzito wa kuzaliwa mara mbili ndani ya miezi mitano hivi, kisha mara tatu akitimiza mwaka. Sehemu nyingine inakuwa akiba, ile minofu ya mapaja na mashavu inayomsaidia anapougua na kukataa kula. Vitamini A, D, E na K haziingii mwilini vizuri pasipo mafuta. Na ubongo, ambao wakati wa kuzaliwa una gramu 350 hadi 400, hukaribia kilo moja mtoto akifikia mwaka. Ala inayofunika nyuzi za fahamu, ikikaushwa maji, zaidi ya theluthi mbili yake ni mafuta ya aina mbalimbali, lehemu ikiwemo kwa wingi.

Lakini hapa napenda tuwe makini, kwa sababu mitandaoni kuna maneno yanayovuka mpaka. Ubongo hujitengenezea lehemu yake wenyewe. Ile inayozunguka kwenye damu haipenyi kuingia humo kwa kiasi cha kuhesabika. Kwa hiyo anayekwambia "mpe kiini cha yai, lehemu yake inajenga ubongo" amepata nusu. Asichoweza mwili kujitengenezea ni asidi za mafuta za omega-3 na omega-6. Hizo lazima ziingie kwa mdomo. Kiini tunakipendekeza kwa sababu kina mafuta, protini, kolini (kirutubisho cha ubongo) na vitamini A kwa pamoja, na lehemu iliyomo haina sababu ya kutuzuia.

Kumnyima mtoto mafuta kuna madhara yaliyokwisha andikwa. Mwaka 1987, madaktari wa New York walieleza habari za watoto saba, wa miezi 7 hadi 22, waliokuwa wamekwama kukua uzito na urefu. Hawakuwa na ugonjwa, na wazazi wao hawakuwa maskini wala wazembe. Walikuwa wakiogopa unene na magonjwa ya moyo, wakawalisha watoto chakula chepesi, bila mafuta na bila vitafunwa katikati ya milo. Waliporudishiwa chakula cha umri wao, walianza kukua. Kisa hiki kilitokea mbali, ila hofu ile imekwisha fika mijini kwetu.

Upande wa pili kuna utafiti wa Turku, Finland, ulioanza mwaka 1990 na watoto zaidi ya elfu moja. Familia za nusu yao zilipewa ushauri wa chakula tangu watoto wakiwa na miezi saba hivi: mafuta yenye kuganda yapungue, laini ya mimea yachukue nafasi. Watoto walikua vizuri, akili zao hazikupungukiwa, na lehemu mbaya, ile inayoganda kwenye mishipa ya damu, ikashuka kidogo. Watu huutumia utafiti huu kusema kwamba kupunguza mafuta hakuna neno, lakini husahau jambo moja. Watoto wale, baada ya mwaka mmoja, walipewa maziwa yaliyoenguliwa, na kwenye chakula wakarudishiwa gramu 10 hadi 15 za mafuta ya mimea kila siku, sawa na vijiko viwili vitatu vya chai. Walibadilishiwa aina ya mafuta chini ya uangalizi wa wataalamu. Anayeondoa malai asirudishe kitu hajafanya walichofanya Turku.

Ushauri wa wataalamu wa mashirika ya Umoja wa Mataifa, la chakula (FAO) na la afya (WHO), uko hivi: miezi sita ya kwanza, mafuta yatoe asilimia 40 hadi 60 ya nguvu, kuanzia miezi sita yapungue polepole, mpaka yafike asilimia 35 mtoto akitimiza miaka miwili. Sasa tuushushe ushauri huo kwenye bakuli.

Chukua robo lita ya uji mwepesi, ule wa kunyweka kwa kikombe, uliopikwa kwa vijiko viwili vya chakula vya unga wa dona, vilivyosawazishwa. Huo ni unga wa gramu 16 hivi. Nguvu yake ni kilokalori 60, na mafuta ni robo tatu ya gramu tu, asilimia 10 ya nguvu. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anayenyonya vizuri anahitaji kama kilokalori 200 kwa siku kutoka kwenye chakula cha nyongeza. Wa miezi 9 hadi 11 anahitaji 300. Wa mwaka mmoja hadi miwili, 550. Kufikisha 200 kwa uji huo anywe zaidi ya robo tatu ya lita. Tumbo la mtoto wa kilo 8 linabeba kama mililita 240 kwa mkupuo. Atashiba, atalala, na hatakua. Bibi atasema mtoto anakula vizuri, na kweli anakula vizuri. Uji ndio hauna kitu.

Fanya hivi. Maji robo lita, unga vijiko vinne, koroga unga kwa maji baridi kwanza usifanye mabuje, upike mpaka uive kabisa. Ukikaribia kuepua, tia kijiko kimoja cha chakula cha karanga zilizosagwa laini, koroga, acha uchemke dakika mbili tatu. Sasa una kilokalori 215 hivi, na gramu 9 za mafuta, karibu asilimia 40 ya nguvu ya bakuli zima. Kwa wa miezi sita anayeanza, hilo bakuli ni la siku nzima kwa kugawanya. Kama huna karanga, tia kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia: kilokalori 40 zaidi, na mafuta yafike theluthi moja ya nguvu. Kuna faida ya pili: mafuta hulainisha uji mzito, ukapita kooni bila kugandamana. Kipimo cha uzito ni kijiko. Ukiinua, uji ukae juu yake. Ukichuruzika kama maji, rudi jikoni.

Kwa mtoto anayekataa uji mzito, watafiti wa Tanzania waliandika tangu miaka ya 1980 juu ya kimea. Ulezi uliooteshwa, ukaanikwa na kusagwa: kijiko kimoja cha chai ndani ya uji mzito uliopoa kidogo, ukoroge, na ndani ya dakika chache uji unalegea huku unga ni ule ule. Uuchemshe tena kidogo kabla ya kumpa.

Karanga zinataka adabu. Zichambue moja moja kabla ya kukaanga: iliyosinyaa, yenye ukungu, iliyobadilika rangi au iliyopasuka itupwe, wala usiwape kuku. Sumukuvu haionekani kwa macho na haiishi kwa kuchemsha. Kenya mwaka 2004, mahindi yenye sumukuvu yaliwaua watu 125 katika maeneo ya mashariki ya nchi, na karanga hushikwa na kuvu yule yule. Kaanga kwa moto mdogo, pekecha maganda, saga laini. Karanga nzima kwa mtoto mdogo ni hatari ya kupaliwa, hata kama ana meno. Usiogope kuzianza mapema kwa kusagwa: majaribio ya London yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba watoto waliokuwa hatarini, waliopewa karanga tangu uchanga, walipata mzio wa karanga kwa nadra sana kuliko waliokatazwa. Mtoto mwenye pumu kali ya ngozi, au ambaye yai limekwisha mtoa vipele, aonwe na daktari kwanza.

Na unga wa lishe wa mchanganyiko, ule wa mahindi, mchele, ulezi, soya, karanga na dagaa pamoja kwenye mfuko mmoja? Siupendi, na sababu ni mafuta yenyewe. Karanga na dagaa zikishasagwa, mafuta yake yanakutana na hewa, na baada ya wiki chache ndani ya joto unga unanuka, unaacha uchungu kwenye ulimi. Mama anadhani mtoto ni mkaidi. Onja mwenyewe, kijiko kimoja bila sukari, utajua. Tena soya isiyoivishwa kwanza huzuia protini kusagwa tumboni. Saga nafaka peke yake, moja au mbili zinatosha, na vya mafuta vitie siku ya kupika.

Dagaa vilevile: nunua waliokauka vizuri, wenye kung'aa, wasio na harufu kali ya mafuta mabaya. Wa rangi ya kutu wameharibika. Toa vichwa, osha haraka mchanga utoke, kausha kwenye kikaango, saga, na usage wa wiki moja tu. Kijiko kimoja cha chai kilichojaa kwenye chakula cha mtoto kinaleta omega-3 ambayo alizeti, nazi na karanga hazina, pamoja na chokaa ya mifupa.

Nazi naipenda, lakini niseme ukweli wake. Kijiko cha chakula cha tui la kwanza kina gramu 3 na zaidi za mafuta, ni nguvu nzuri kwenye viazi, ndizi au boga lililopondwa. Halina lehemu hata chembe. Ila mafuta yake karibu yote ni yale ya kuganda, na omega zinazohitajika ni haba mno. Kwa hiyo tui lisiwe mafuta pekee ya mtoto, na kamwe lisichukue nafasi ya maziwa. Halina protini ya kutosha wala chokaa. Tui la pili ni jepesi, mafuta yake ni machache zaidi.

Kigoma, Burundi na Kongo mna mawese. Mabichi, mekundu, kijiko cha chai kwenye mboga, humpa mtoto mafuta na chanzo cha vitamini A kwa pamoja. Yakichomwa mpaka yapoteze wekundu, vitamini imekwenda na moshi. Parachichi halitaki hata moto: vijiko viwili vya chakula vilivyopondwa ni sawa na kijiko cha chai cha mafuta, na kwa mtoto anayeanza kula ni laini kama alivyozoea. Alizeti safi ni sawa. Mafuta yaliyokwisha kaanga chipsi mara tatu hayafai kwa mtoto, wala kwa baba yake.

Juu ya yai, kuna majaribio mawili yanayofaa kusomwa pamoja. Huko Ekuador, watoto wa miezi 6 hadi 9 walipewa yai moja kila siku kwa miezi sita, na udumavu ukapungua kwa karibu nusu. Jaribio kama hilo likarudiwa Mangochi, Malawi, ng'ambo ya ziwa letu la Nyasa, na urefu haukubadilika. Watoto wa Mangochi walikuwa tayari wanakula samaki kwa wingi. Kwangu somo ni hili: yai linajaza pengo likiwepo. Nyumba isiyo na samaki, nyama wala maziwa, yai zima moja lililoiva kabisa, kiini na ute, kila siku ukiweza. Nyumba ya wavuvi isijilaumu kwa kukosa mayai.

Kuzidisha nako kupo. Mafuta na sukari ni nguvu bila madini wala protini. Ukimwaga vijiko vitatu vinne kila bakuli, mtoto anakinai kabla hajapata zinki na chuma anavyohitaji, na anaweza kuharisha. Kijiko kimoja cha chai kwa mlo kinatosha, na kama mlo una karanga, parachichi au tui, usiongeze.

Maziwa ya ng'ombe kabla ya miezi sita, hapana. Baadaye, kwa asiyenyonya hasa, yawe yamechemshwa na yasiyoenguliwa. Yaliyoondolewa malai yana nguvu nusu tu, kilokalori 35 hivi kwa mililita 100, huku protini na chumvi vikibaki vile vile vya kuzichosha figo.

Na samli kwa kichanga. Pwani na Ghuba wapo wanaolambisha mtoto samli siku za kwanza au kumtia puani afunguke. Mafuta hayachochei kikohozi kama maji. Yanateleza kimya mpaka mapafuni. Madaktari wa Saudi Arabia na India wameandika juu ya watoto waliopata nimonia ya namna hii, isiyosikia dawa za kawaida. Miezi sita ya kwanza mafuta yake ni ya titi.

Pengine unampa yote haya na bado mstari wa kadi umelala. Tazama choo. Kinachoelea, chenye kung'aa mafuta na harufu kali kupita kawaida, kinaonyesha mafuta hayasagwi. Kichanga aliye bado na manjano baada ya wiki mbili, na choo chake ni cheupe au cha kijivu kama udongo wa mfinyanzi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mirija ya nyongo inaweza kuwa imeziba, na upasuaji hufaa zaidi ukifanywa kabla ya miezi miwili. Kwa wa miezi sita na kuendelea, utepe wa kupimia mzunguko wa mkono ukisoma chini ya sentimita 12.5 ana utapiamlo. Chini ya 11.5 ni mkali, na huyo anahitaji matibabu. Chakula dawa atakachopewa, pakiti ya gramu 92 yenye kilokalori 500, nusu ya nguvu yake ni mafuta.

Zipo familia ambazo lehemu ya juu ni ya kurithi, ya babu, baba na ami waliopata shambulio la moyo wakiwa vijana. Mwambie daktari wa mtoto historia hiyo. Mtoto wa namna hii hapunguziwi mafuta kiholela uchangani. Huandaliwa vipimo kwa umri utakaopangwa, mara nyingi baada ya miaka miwili. Mwenye vinundu vya manjano kwenye viwiko, magoti au visigino asisubiri umri wowote.

Akitimiza miaka miwili, anza kumvuta kwenye chungu cha familia: alizeti badala ya samli, samaki mara nyingi kuliko soseji, chipsi kwa nadra. Chungu hicho kikiwa kile ambacho baba alishauriwa, mtafaana wote. Kabla ya hapo, pikeni pamoja mkitaka, pakua sehemu ya mtoto pembeni, na umtilie kijiko chake.